Kigingi Hakisogei

Ipo nchi moja, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani za huko huchapishwa upya kila Mtukufu anapoota ndoto nzuri, na mipaka hufuata ndoto. Katika nchi hiyo hakuna uongo. Ulipigwa marufuku kwa tangazo la serikali, na tangu siku ile wananchi hawajauona tena, au waliouona hawajasema.

Ili mambo yabaki hivyo, ikaundwa Idara ya Marudio. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Kila jambo jipya linalogunduliwa na wataalamu lazima lijaribiwe mara ya pili, mahali pengine, na mtu mwingine. Likitoka vilevile, ni kweli. Lisipotoka vilevile, basi huyo mtu mwingine ana matatizo.

Idara ilikuwa na ua mrefu wa saruji, na katikati ya ua mstari mweupe wa chokaa, kutoka sifuri mpaka mia, kila hatua moja namba moja. Mtaalamu wa kwanza akishapata namba yake, kigingi kilipigwa palepale kwenye hiyo namba. Kisha mrudiaji alitumwa vijijini, akauliza watu, akahesabu, akarudi kusimama kwenye namba yake mwenyewe. Hapo wazee wawili walioitwa Washika Kamba walimzungushia kamba, na duara lile waliliita zizi. Upana wa zizi haukutokana na kupenda kwa mtu. Ulisomwa kwenye jedwali lililobandikwa ukutani. Aliyeuliza watu wengi alipewa kamba fupi, kwa sababu anajua vizuri amesimama wapi. Aliyeuliza wachache alipewa ndefu, kwa sababu huyo anaweza kuwa popote. Kigingi kikiangukia ndani ya zizi, wawili wamekubaliana, ngoma inapigwa. Kikibaki nje, hawakukubaliana.

Ilikuwa hesabu safi. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: ilifanya kazi.

Kati ya warudiaji wa Idara alikuwapo Bi Somoe Likwembe, mjane wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Hakusoma sana. Kuhesabu alijifunzia kwenye mizani ya pamba, huko ushirika, ambako mkulima akipunjwa kilo moja hurudi na panga. Kwa hiyo alizoea kuhesabu kila kitu mara mbili. Alihesabu ngazi akipanda na akazihesabu tena akishuka. Alihesabu vifungo vya shati la mtu anayezungumza naye. Watu walimcheka, naye aliwahesabu waliocheka.

*

Sasa ikatokea kwamba Mtukufu aligundua dawa.

Siku hiyo alikuwa amealika wageni ishirini kwa chakula cha mchana. Kabla ya kula, kila mmoja alipewa bilauri ya maji ya mto, hayakuchemshwa, yamekorogwa kijiko kimoja cha vumbi lililochotwa kwenye ua wa nyumba aliyozaliwa yeye Mtukufu. Wakanywa. Siku ya tatu askari wawili waliwapitia wageni majumbani wakawauliza, kwa ule upole wa askari, kama matumbo yamewasumbua. Kumi na tisa walisema hayakuwasumbua hata kidogo, tena wamejisikia vijana. Wa ishirini hakujibu kwa kuwa alikuwa chooni, na baada ya pale hakuonekana tena wa kuulizwa.

Kumi na tisa kati ya ishirini ni tisini na tano katika kila mia. Kigingi cha mpingo, chenye kofia ya shaba, kikapigwa uani kwenye namba tisini na tano, na askari akawekwa kukilinda. Redio ikasema Vumbi la Kuzaliwa limemaliza habari ya maradhi ya maji, na kwamba klorini, ile dawa iliyotukana pua za wananchi miaka yote, itarudishwa bohari visima vyote vikishatiwa vumbi.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Palikuwa na sheria kongwe ya maji ambayo wafuta sheria waliisahau, kwa sababu ukurasa wake ulikuwa umegandana na mwingine kwa chai yenye sukari. Sheria hiyo ilisema hakuna kitakachotiwa kisimani, isipokuwa kwa kujaribu, mpaka mrudiaji, aliyetangazwa kwa jina kwenye gazeti la serikali, atie dole gumba kwamba jaribio limerudiwa na likakubali. Gazeti likatangaza jina. Lilikuwa Somoe Likwembe.

Akapelekwa Bonde la Kitopeni. Huko alikuwa ameolewa binti yake wa pekee, Havintishi, mwenye mapacha wa miezi minane. Huko pia ndiko alikozaliwa Somoe mwenyewe. Bonde liko chini kama bakuli. Masika yakifika, vyoo vya mlimani vinateremka kwenye visima. Kabla klorini haijaja, kwa Likwembe walikuwa watoto sita, na masika mamoja tu yalitosha kuwaacha wawili.

Kwa hiyo Somoe hakufanya mchezo. Alipewa visima kumi visivyotiwa klorini, akavitia vitano vumbi na vitano akaviacha na maji matupu. Akazunguka kwa miguu kiangazi kizima. Aliuliza watu mia nane waliokunywa vumbi na mia nane waliokunywa maji matupu, na kila nyumba aliipitia mara mbili. Waliomaliza mwezi bila kuharisha walikuwa, kwa wanywaji wa vumbi, hamsini na mmoja katika kila mia. Kwa wanywaji wa maji matupu, hamsini na wawili. Kwenye visima vya klorini hakutumwa kuuliza, lakini aliuliza. Tisini na mmoja. Kisima cha Havintishi kilikuwa kimojawapo cha hivyo.

Akaandika namba zake, akarudi mjini. Zilikuwa zimebaki kama siku saba masika yaanze.

*

Ua ulijaa. Mkurugenzi Mkuu, Daktari Mhandisi Lukombe Pazi, alikaa chini ya mwavuli akiwa amevaa joho la mahafali, ambalo hakulivua tangu alipohitimu kwa hofu kwamba watu watasahau. Ngoma ilikuwa tayari. Bi Somoe akavua viatu, akatembea juu ya mstari wa chokaa, akasimama. Hamsini na moja.

Mzee Ndauka, mkubwa wa Washika Kamba, alisoma jedwali, akapima kamba, akamzungushia. Ilifika hatua tatu na nusu mbele yake na tatu na nusu nyuma, basi.

"Dada," akasema Ndauka, "kamba yote hii nimeibeba ya nini? Zizi hili linatosha mbuzi mmoja, tena awe mwembamba."

Watu wakacheka, halafu wakatazama kule kwenye kofia ya shaba, hatua arobaini na nne mbali, na kicheko kikafa.

"Tukisogeze kigingi kidogo?" akauliza Ndauka, kwa nia njema kabisa.

Askari aliyekilinda aliinua bunduki hadi kifuani. Mkurugenzi akasimama.

"Kigingi hakisogei," akasema. "Kigingi ni cha Mtukufu. Kinachosogea ni zizi. Bi Somoe, nani alikutuma uulize watu mia nane?"

"Fomu haikusema wangapi, Mheshimiwa."

"Fomu ilinyamaza kwa kukuamini. Umechukua zizi la taifa ukalifanya sahani ya kunawia. Mtumishi mwenye adabu anauliza wangapi?"

"Wa kutosha kujua."

"Wa kutosha kukubaliana," akasema Mkurugenzi. "Ndugu wananchi, tutarudia marudio."

Wakaitwa mpishi wa Idara, dereva, na mlinzi wa getini, ambao wiki iliyopita walipewa wote bilauri ya vumbi kama zawadi ya sikukuu. Mpishi akasema yuko salama. Dereva akasema yuko salama, tena gari limepunguza kula mafuta. Mlinzi wa getini, ambaye hakuelewa kinachoendelea, akasema, "Mimi niliharisha mpaka nikamwona marehemu babu, akaniambia mbona umewahi."

Wawili kati ya watatu. Somoe akasogezwa mpaka sitini na saba. Ndauka akasoma jedwali, akasugua macho, akasoma tena, kisha akaanza kufungua kamba. Alifungua, akafungua. Washika Kamba wakaenda nayo wakirudi kinyumenyume, huyu kushoto, huyu kulia, mpaka zizi likaanzia kwenye namba tisa na kuishia tisini na tisa, na ubavu wa pili ukaruka ukuta, ukamzunguka muuza karanga barabarani pamoja na baiskeli yake. Kofia ya shaba ilikuwa ndani. Ngoma ikapigwa. Mkurugenzi alifuta machozi kwa pindo la joho.

"Imekubali," akasema.

Bi Somoe alingoja ngoma inyamaze. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, kwa hiyo watu wote walilazimika kukaa kimya ili wamsikie.

"Mheshimiwa, humu ndani imo tisini na tano, ni kweli. Imo na hamsini na moja yangu. Imo kumi. Mtu akija akasema vumbi linawalaza nusu ya wanaolinywa, naye yumo. Muuza karanga yumo."

"Ndiyo maana tunaliita zizi la umoja wa kitaifa."

"Kamba hii haisemi tumekubaliana. Inasema hatujui."

"Bi Somoe," akasema Mkurugenzi, taratibu, kama daktari anayempa mtu habari za mgonjwa wake, "kutojua kitaalamu ni namna mojawapo ya kukubali. Leta kidole."

Kisahani cha wino kikaletwa na fomu yake. Somoe aliingiza mkono ndani ya kanga, akaufunga ngumi. Alikuwa akiyaona yale matumbo mawili madogo ya mapacha kule Kitopeni, moja lina kovu la kitovu, jingine halina.

"Siwezi," akasema.

Mkurugenzi akamtazama bila hasira.

"Basi nenda kakae kwenye kiti chako," akasema. "Kikalie vizuri leo, wakati bado ni chako."

*

Meza iliyopakana na ya Somoe ilikuwa ya Bwana Kitwana. Bwana Kitwana alikuwa mtu mrefu, mcheshi, aliyemwita Somoe shemeji bila sababu yoyote. Halafu miaka miwili iliyopita alikataa kutia dole kwenye habari ya mbolea. Kesho yake mezani alikaa Bwana Kitwana mwenye pengo. Huyo naye akaja kukataa habari ya mbegu, na kesho yake akakaa Bwana Kitwana mfupi, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Koti lilikuwa lilelile la kahawia, mikono yake sasa ikimfikia kwenye vidole. Idarani hakuna aliyeuliza. Walimwamkia, wakamwuliza habari za nyumbani.

Mchana ule Somoe aligeuza kiti.

"Kitwana, wewe ni nani?"

"Mimi Kitwana, shemeji." Alikuwa anakula andazi, akaacha kutafuna. Akatazama mlango. "Nilikuwa nauza viatu vya mtumba," akasema chini chini. "Wakanijia wakaniambia kuna nafasi serikalini, sharti niwe na karatasi ya maswali ishirini kichwani. Jina la mke. Mguu gani una kidonda. Nani anaitwa shemeji. Nikapata kumi na nane, wakasema imo ndani ya zizi."

"Na mkewe?"

"Ananipikia. Hajaniuliza kitu hata siku moja. Anakaa mbele yangu, ananitazama ninavyokula."

"Na yule wa kwanza yuko wapi?"

Kitwana alitazama dirishani. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, lilisimama pikapu jeupe lisilo na namba. Lilikuwa limesimama hapo siku nyingi, watu walikwishazoea kulipita kama wanavyopita nguzo ya umeme.

"Kazi yangu ni kuwa Kitwana, shemeji," akasema. "Si kumtafuta." Akaliweka andazi mezani, hakuligusa tena.

*

Asubuhi Somoe alipofika alimkuta mwanamke kwenye kiti chake. Alikuwa wa miaka arobaini hivi, mnene kidogo, amejifunga kanga ya rangi ileile, na usoni alikuwa na uchovu wa mtu aliyesafirishwa bila kuambiwa safari ni ya wapi. Alipomwona Somoe akasimama.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," akajibu Somoe, kwa mazoea tu, na wote wawili wakaona wamekosea, maana mtu hajiamkii mwenyewe.

Wakateremshwa uani. Mkurugenzi alitangaza kwamba Idara, kwa kupenda ukweli, haimwondoi mtumishi ovyo. Wanawake wawili wanadai kuwa Bi Somoe Likwembe, na jambo hilo litapimwa kwa njia ya kitaalamu. Yule wa kwenye kiti atakuwa kigingi. Huyu aliyekuja na vumbi miguuni atarudia majibu yake. Maswali ni ishirini.

"Mheshimiwa," akasema Mzee Ndauka, "kigingi si huwa ni kile kilichotangulia?"

"Katika matokeo, la kwanza ndilo la kweli. Katika watumishi, wa mwisho. Hilo lipo kwenye waraka."

"Waraka upi?"

"Utaandikwa mchana."

Maswali yakaanza. Ulizaliwa wapi? Mwanamke wa kwenye kiti akajibu hospitali kuu, chumba chenye feni. Somoe akajibu Kitopeni, kwenye banda la jiko. Kazi ya kwanza? Mmoja alisema utafiti, mwingine alisema mizani ya pamba. Umezaa wangapi? Wote wakasema mmoja, anaitwa Havintishi, ana mapacha. Somoe alishtuka kusikia jina lile kwenye kinywa cha mgeni kuliko alivyoshtuka kwa yote mengine.

"Kwenu mlizaliwa wangapi?"

"Sita," akasema mwanamke, akikumbuka karatasi. "Wote wazima wa afya."

"Sita," akasema Somoe. Hakuongeza neno, na karani, baada ya kufikiri, akaandika kwamba hawakukubaliana.

"Uliona nini Kitopeni?"

"Tisini na tano."

"Hamsini na moja," akasema Somoe. "Nilihesabu mara mbili."

Kati ya maswali ishirini walikutana kwenye saba. Ndauka aliinua kamba amzungushie mwanamke wa kwenye kiti, na Mkurugenzi akamwonesha kwa vidole: fupi, fupi zaidi. Kamba ikamkaa yule mwanamke kiunoni kama mshipi. Somoe alibaki nje, peke yake, saruji tupu pande zote.

"Jana mlikuwa nayo ndefu mpaka barabarani," akasema.

"Kamba ni ileile, dada," akasema Ndauka, hakumtazama machoni. "Mimi naishika tu."

Kisahani cha wino kikaletwa. Mwanamke alipeleka kidole, akakisimamisha juu ya wino, na karani akamshika kifundo na kukandamiza. Ngoma ikapigwa. Kwenye fomu palisomeka Somoe Likwembe, na chini yake duara jeusi la kidole cha mtu mwingine.

Askari wa kigingi akauliza kama amkamate yule aliyebaki nje.

"Umkamate nani?" akauliza Mkurugenzi. "Bi Somoe Likwembe yuko kazini, unamwona. Huyo ni kosa la hesabu. Kosa la hesabu halikamatwi, mwanangu. Linafutwa, kwa wakati wake."

Wakampisha, akatoka getini kwa miguu yake. Kwenye kivuli cha ukuta, pikapu jeupe likawashwa injini.

*

Ilimchukua siku tano kufika. Kipande alipanda lori la pamba, kipande alitembea, na kwenye daraja la mto alikaa siku mbili, maana askari wa darajani walitaka kitambulisho, na yeye kitambulisho chake kilikuwa mezani kwa mwingine. Mwishowe alivukia chini, kwa wavuvi. Njiani alipishana na malori ya serikali yakitoka bondeni, yamebeba mapipa ya bluu. Harufu ya klorini ilibaki barabarani baada ya kila lori kupita. Aliyahesabu mapipa. Akapata mia moja na themanini, ambayo ndiyo idadi yote ya bonde.

Alifika kwa Havintishi saa tisa alasiri, mawingu yamekaa mlimani. Havintishi alikuwa anapepeta mchele. Mapacha walikuwa kwenye mkeka. Barazani, juu ya kigoda, alikaa balozi wa nyumba kumi, Bwana Mfaume, na daftari lake magotini, kwa sababu wiki ile kila balozi aliamriwa kukaa kila nyumba nusu siku kuangalia watu wanavyofurahia maji.

"Hodi," akasema Somoe.

Ungo ukasimama mikononi mwa Havintishi. Midomo yake ilijikunja kutamka neno, halafu macho yakamkimbilia balozi, na neno likarudi.

"Huyu nani?" akauliza Mfaume, ambaye alicheza harusi ya Havintishi na kushikana mikono na Somoe mara tatu siku hiyo.

"Sijui, balozi."

"Maana anafanana na mama yako."

"Mama yangu alikuja juzi na gari la serikali," akasema Havintishi. Alisema wazi, akimtazama Somoe usoni, kila neno mahali pake. "Alitia vumbi kisimani kwa mkono wake mwenyewe. Tulimpigia makofi, kijiji kizima. Akawaletea watoto pipi. Alipowabeba akalia."

Somoe alishika nguzo ya baraza.

Balozi alifungua daftari, akateremsha kidole. "Mama wa Havintishi, mmoja. Amefika, amepigiwa tiki. Sina mstari wa pili." Akafunga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe. "Sasa wewe, mama, nikuandike nani?"

"Mpita njia," akasema Somoe. "Naomba maji ya kunywa."

Havintishi akachukua kata, akafunua mtungi, akachota. Alikuja nayo nusu ya njia, akasimama. Akayatazama maji yale ndani ya kata. Kisha akayarudisha mtungini, akaunyanyua mtungi mzima, akamimina maji yote ndani ya sufuria kubwa, ile ya misiba, akaibandika kwenye mafiga na kuchochea moto.

"Havintishi," akasema balozi, "maji yenye vumbi hayachemshwi. Kuyachemsha ni kuyadharau. Umesikia tangazo."

"Sichemshi maji, balozi. Napika chai. Mgeni hapewi maji matupu."

"Sufuria yote hiyo, chai?"

"Ametoka mbali. Ana kiu."

Mfaume aliitazama sufuria. Akatazama mapacha, kisha akatazama upande wa nyumba yake, ambako alikuwa na wake wawili na watoto saba.

"Hakuna kifungu kinachokataza chai," akasema taratibu, kama anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. "Na mimi nitakunywa."

Maji yakaanza kuvuma. Jirani mmoja, Bi Zamda, alitokea uani na kigae mkononi. Alimjua Somoe tangu wote wawili walipokuwa na meno ya utoto.

"Naona unapika chai saa hizi," akasema.

"Nina mgeni, shoga," akasema Havintishi. "Na wageni hawatakwisha msimu huu. Itabidi niwe napika chai kila siku, mpaka masika yaishe."

Bi Zamda alimtazama mgeni. "Hata kwangu kuna mgeni," akasema. "Nipe moto." Akachota makaa kwenye kigae, akaenda haraka, akipita nyuma ya nyumba badala ya njiani.

Somoe alikunywa chai yake amesimama. Haikuwa na majani wala sukari. Hakuwagusa watoto. Aliwatazama tu pale mkekani, akahesabu vidole vya miguu vya mmoja, vya mwingine, kisha vyote tena.

"Ahsante, binti," akasema.

"Karibu tena, bibi," akasema Havintishi. Alikuwa ameinamia moto, na moshi ulikuwa mwingi, kwa hiyo macho yake yalikuwa na sababu.

Njia ya kutoka kijijini inapanda mgongo wa kilima, na mtu akifika juu analiona bonde lote kama bakuli, na nyumba zake mia mbili na sita. Somoe alifika huko akageuka. Ilikuwa saa kumi hivi, saa ambayo Kitopeni hakuna anayepika. Akahesabu moshi. Kumi na moja. Kumi na moja kati ya mia mbili na sita, akajua bila jedwali ni kitu gani kitakachotokea kwa zile nyingine. Tone la kwanza la mvua likamwangukia mkononi.

Nyuma yake, pale njia inapokutana na barabara, injini ilikuwa inanguruma bila kwenda popote. Hakugeuka. Alianza kuhesabu upya kutoka ukingo wa mto, nyumba kwa nyumba, kama alivyofundishwa mizanini, na safari hii akapata kumi na nne.

Hesabu mbili, na hazikulingana. Katika maisha yake yote ya kazi tofauti ya hesabu haikuwahi kumfurahisha hivyo.

Mlango wa pikapu ukafunguliwa. Somoe akanyoosha kidole kuelekea mtoni, akaanza hesabu ya tatu.